Waya umechomekwa, intaneti hakuna: utatuzi kwa mgeni wa Linux Unguja na Pemba

Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba Wi-Fi ya ruta iliyo sebuleni haifiki chumba cha uani. Ndiyo maana ofisi, skuli na nyumba za wageni bado zinavuta waya, na ndiyo maana anayeanza Linux hapa kwetu hukutana na tundu la waya mapema.

Malalamiko yanayonifikia huwa ya sentensi moja: "Maalim, nimeweka Linux Mint, intaneti haishiki." Nyuma ya sentensi hiyo kuna matatizo mengi tofauti, na kila moja lina dawa yake. Asiyejua hilo hufuta mfumo na kuusakinisha upya, kisha hukuta hali ni ileile, kwa sababu kasoro haikuwa ndani ya Linux. Ilikuwa kwenye waya, au kwenye ruta, au bando lilikwisha tangu alfajiri. Nakusihi usifute kitu. Kompyuta inajua imekwama wapi, na ukiiuliza kwa mpangilio itakwambia.

Mpangilio wenyewe ni huu: waya, kadi, anwani, njia ya kutokea, majina. Usihangaike na majina kama waya bado haujashika.

Kabla ya yote, jipatie intaneti ya muda. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona simu hiyo kama kadi nyingine ya waya, mara nyingi bila kusakinisha chochote. Hapo unaweza kupakua kinachokosekana au kusoma maelekezo. Angalia tu bando lako, kwa sababu mfumo unaweza kuanza kushusha masasisho bila kukuuliza. Na ukirudi kupima waya, chomoa simu kwanza, la sivyo utadhani umepona kumbe unatumia intaneti ya simu.

Amri tatu za kuanzia

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika moja baada ya nyingine:

```
ip -br link
ip -br addr
ip route
```

Hazibadilishi kitu, zinasoma tu. Ya kwanza huorodhesha kadi za mtandao, ya pili anwani zake, ya tatu njia ambazo kompyuta inazijua. Jina `lo` ni la kompyuta kujiongelesha yenyewe, liache. Jina linaloanza na `en`, kama `enp3s0` au `eno1`, ni kadi ya waya. Linaloanza na `wl` ni la Wi-Fi. Kwenye mifumo ya zamani utaona `eth0`. Katika mifano yangu nitatumia `enp3s0`. Wewe weka jina la kadi yako.

Dalili: kadi ya waya haionekani kabisa

Unaona `lo` na labda `wlp2s0`, basi. Uliza kama kifaa chenyewe kipo:

```
lspci -nnk | grep -iA3 ethernet
```

Kikitajwa lakini hakuna mstari wa `Kernel driver in use`, kadi ipo na draiva (programu ya kuiendesha kadi) hakuna. Hili hutokea mtu anapoweka toleo la zamani la mfumo kwenye mashine mpya, kwa sababu keneli, yaani kiini cha Linux, ilitengenezwa kabla ya kadi hiyo. Dawa yake ni kusasisha keneli kwa kutumia ile intaneti ya simu, au kuweka toleo jipya zaidi la mfumo. Kadi nyingine hukosa faili la fimwea tu, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Amri `sudo dmesg | grep -i firmware` italitaja kwa jina. Debian, aina nyingine ya Linux, ilianza kuweka faili hizi kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji kuanzia toleo la 12, mwaka 2023, kwa hiyo aliye na diski ya zamani asishangae.

Kifaa kisipotajwa popote, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya ubao inayofunguliwa kompyuta inapowaka) uone kama kadi ya ndani imezimwa. Ikiwa imewashwa na bado haionekani, na hasa kama tatizo lilianza baada ya ngurumo za masika, kadi huenda imeungua. Radi hupita kwenye waya wa mtandao kama inavyopita kwenye waya wa umeme, na watu wengi huchomoa plagi ya ukutani wakausahau waya wa ruta. Hapo usihangaike kubadilisha ubao mzima wa kompyuta. Adapta ya USB ya kuchomekea waya inatosha, na nyingi Linux huzitambua papo hapo.

Dalili: kadi ipo, lakini inaandika NO-CARRIER

```
enp3s0   DOWN   52:54:00:12:34:56   <NO-CARRIER,BROADCAST,MULTICAST,UP>
```

Mstari huu huwachanganya wageni kwa sababu una DOWN na UP kwa pamoja. UP ya ndani ya mabano maana yake mfumo umeiwasha kadi. NO-CARRIER maana yake kadi haisikii kitu upande wa pili wa waya. Linux imeshafanya kazi yake, sasa inuka kwenye kiti. (Kama ndani ya mabano hakuna UP kabisa, kadi imezimwa tu: `sudo ip link set enp3s0 up`.)

Sehemu hii naomba usiiharakishe. Huku kwetu ndiko kasoro nyingi zilipo.

Tazama taa ndogo za tundu la kompyuta na za tundu la swichi (kisanduku kinachogawa waya wa mtandao). Zikiwa zimekufa pande zote mbili, angalia kama swichi yenyewe ina umeme. Umeme ukirudi baada ya kukatika, adapta ndogo ya swichi ndiyo hufa ya kwanza, na watu hulaumu kompyuta. Hamisha waya kwenye tundu jingine la swichi. Kisha leta waya mfupi unaojua ni mzima, uchomeke kompyuta moja kwa moja kwenye ruta. Jaribio hilo moja hukata ubishi: ukishika, kompyuta na Linux yako ni wazima, na mgonjwa ni waya uliopita ukutani.

Waya wa ukutani una maadui wake. Kidole cha plastiki cha kichwa kikivunjika, kichwa hulegea na kutoka kwa mguso mdogo. Panya hutafuna. Na chumvi ya baharini hula shaba: chungulia zile pini nane kwa tochi ya simu, na ukiona ukijani au weusi, usikwangue. Kata kichwa, funga kipya. Kwa mpangilio wa T568B rangi hufuatana hivi, kidole cha plastiki kikiwa upande usioutazama na pini zikielekea juu, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe sawa. Unaponunua waya mpya pale Darajani, uliza kama ni shaba tupu au ni alumini iliyopakwa shaba. Ya alumini ni ya bei rahisi, lakini hukatika ukiikunja, na kwenye vyumba vyenye unyevunyevu vichwa vyake havidumu. Kwa nyumba iliyo karibu na pwani mimi siipendekezi hata kidogo. Na waya usizidi mita 100 kati ya swichi na kompyuta. Ukizidi, weka swichi nyingine katikati.

Kuna sababu moja ambayo ni ya programu na hujifanya ya waya. Kama mashine ina Windows na Linux pamoja, Windows inapozima inaweza kuiacha kadi ikiwa usingizini, na Linux ikashindwa kuiamsha. Kadi za Realtek zinajulikana kwa hili. Ishara yake ni kwamba waya unashika vizuri ndani ya Windows, ila ukihamia Linux taa zinakufa. Ingia Windows, zima Fast Startup, na kwenye mipangilio ya kadi ruhusu kuamshwa kwa mtandao baada ya kuzima. Dawa ya haraka ni kuzima kompyuta, kuchomoa waya wa umeme (na betri ya laptopu kama inatoka), kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, kisha kuwasha upya.

Dalili: taa zinawaka, anwani hakuna

Sasa `ip -br link` inaonyesha UP na LOWER_UP. Ila kwenye `ip -br addr` unaona tu kitu kinachoanza na `fe80`, au anwani inayoanza na 169.254. Zote mbili kompyuta imejitungia yenyewe. Ruta haijajibu. Anwani halali nyumbani au ofisini kwa kawaida huanza na 192.168 au 10.

Andika `nmcli device` usome neno lililo mbele ya kadi. `unavailable` inakurudisha kwenye waya. `disconnected` maana yake waya upo ila hakuna aliyeomba kuunganishwa: `nmcli device connect enp3s0`. `unmanaged` maana yake NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, imekatazwa kuigusa kadi hiyo. Kwenye Debian sababu ya kawaida ni kwamba kadi imetajwa ndani ya faili la `/etc/network/interfaces`; weka alama ya `#` mwanzoni mwa mistari inayoitaja kadi hiyo, iache ya `lo`, kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`. Kwenye Ubuntu ya seva, tazama ndani ya `/etc/netplan`.

Kama inajaribu kuunganisha na kukata tamaa, shuku ruta. Waya wako huenda uko kwenye tundu la WAN (la kuleta intaneti kwenye ruta) badala ya LAN (la kompyuta za ndani). Kwenye ruta za laini ya simu matundu hayo hukaa jirani na hufanana. Au ruta imeganda: izime, subiri kidogo, iwashe. Au mtu aliyekutangulia aliandika anwani kwa mkono kwenye mipangilio, jambo la kawaida kwa kompyuta zilizotolewa na ofisi moja kwenda skuli nyingine. Mwalimu wa Wete au Mkoani akipokea mashine kama hizo, kabla ya lolote arudishe mpangilio wa IPv4 (anwani za namba nne kama 192.168.1.5) kuwa wa kujipatia anwani wenyewe:

```
nmcli connection show
nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.method auto ipv4.addresses "" ipv4.gateway ""
nmcli connection up "Wired connection 1"
```

Jina lililo ndani ya alama za kunukuu ulitoe kwenye majibu ya amri ya kwanza.

Dalili: anwani ipo, lakini si ya ukoo wa wenzako

Wenzako wote wana 192.168.1 na kitu, wewe una 192.168.0 na kitu. Leo unapata intaneti, kesho huna, na kesho kutwa aliyekosa ni mwenzako. Hili hutesa ofisi nzima, na wa kwanza kulaumiwa ni yule mwenye Linux.

Chanzo chake hapa Mjini nakijua vizuri, na kinarudi kwenye zile kuta. Mtu wa chumba cha ndani hapati Wi-Fi, akaleta ruta yake kutoka nyumbani, akaichomeka kwenye swichi ya ofisi kupitia tundu la LAN. Sasa kuna ruta mbili zinazogawa anwani, na kompyuta inamfuata atakayeijibu mwanzo. Tazama mstari wa `default` kwenye `ip route`: namba iliyo hapo ni ya ruta iliyokupa anwani. Ifungue kwenye kivinjari uone ni ruta ipi. Tiba si kumnyang'anya mwenzako ruta yake. Ingia kwenye mipangilio yake, uzime DHCP (huduma ya kugawa anwani), uipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, na itaendelea kumtolea Wi-Fi bila kumsumbua mtu.

Dalili: anwani ni nzuri, kurasa hazifunguki

Piga ping tatu (amri ya kubisha hodi na kusubiri jibu), kutoka karibu kwenda mbali:

```
ping -c 4 192.168.1.1
ping -c 4 8.8.8.8
ping -c 4 debian.org
```

Ya kwanza iwe namba ya ruta yako kama ulivyoiona kwenye `default`. Ya pili, 8.8.8.8, ni seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Soma maneno ya kosa, usiishie kuona kwamba imeshindwa. `Network is unreachable` maana yake huna njia ya kutokea. Rudi kwenye `ip route`. `Destination Host Unreachable` maana yake njia ipo lakini ruta haionekani mahali ilipotajwa. `Temporary failure in name resolution` ni habari ya majina, nitaifikia.

Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikikaa kimya, tatizo limeshatoka nje ya kompyuta yako. Angalia simu nyingine iliyo kwenye ruta hiyohiyo. Nayo ikikosa, basi ni bando la laini iliyo ndani ya ruta, au ni mtoa huduma, au ni mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo hakuna amri ya kuandika kwenye terminali. Lakini zipo ofisi zinazozuia ping, kwa hiyo kama kivinjari kinafungua kurasa, usijisumbue na ukimya wa 8.8.8.8.

Hapa pia kuna jambo linalowashangaza wengi: Wi-Fi inafanya kazi, ukichomeka waya intaneti inakufa, ukiuchomoa inarudi. NetworkManager huupa waya kipaumbele; kwenye `ip route` utaona waya una `metric 100` na Wi-Fi ina `metric 600`, na namba ndogo ndiyo hushinda. Kama waya huo unakwenda kwenye printa tu, au kwenye ruta isiyo na bando, kompyuta inapeleka kila kitu kwenye njia iliyoziba. Iambie isitokee huko:

```
nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.never-default yes
nmcli connection up "Wired connection 1"
```

8.8.8.8 ikijibu na debian.org isijibu, kilichoharibika ni DNS, yaani huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Usihariri `/etc/resolv.conf` kwa mkono kama maelekezo mengi ya zamani yanavyosema. Kwa kawaida NetworkManager au mwenzake huliandika upya faili hilo na kazi yako inapotea. Andika hivi, namba mbili zilizomo ni za seva za DNS za umma:

```
nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.dns "1.1.1.1 9.9.9.9" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Wired connection 1"
```

Dalili: ping zote zinajibu, kivinjari kinasema tovuti si salama

Tazama tarehe. Kwenye kompyuta kuukuu, betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao hufa, na kila umeme ukikatika saa hurudi miaka mingi nyuma. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani ni mwaka mwingine huvikataa vyote. Hata `apt` itakataa ikisema faili la hazina halijaanza kutumika. Andika `timedatectl` uone. Eneo la saa liwe `Africa/Dar_es_Salaam`, saa 3 mbele ya UTC, na kumbuka kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane: saa 2 asubuhi yetu iandike 08:00.

```
sudo timedatectl set-ntp false
sudo timedatectl set-time "mwaka-mwezi-siku saa:dakika"
sudo timedatectl set-ntp true
```

Kisha nunua betri. Bei yake ni ndogo, na kubadilisha ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta ya mezani. Tofauti ya saa 3 kamili baada ya kutoka Windows ni jambo jingine: mifumo miwili inasoma saa ya ubao kwa njia tofauti, na haizuii intaneti.

Kama baadhi ya tovuti zinafunguka na nyingine zinaning'inia milele, jaribu `ping -M do -s 1464 8.8.8.8`, kisha weka 1472 badala ya 1464. Ya kwanza ikipita na ya pili ikikwama, laini yako huenda ni ya PPPoE (njia ya kuunganisha inayokula baiti chache za kila pakiti), na MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, inayofaa ni 1492:

```
nmcli connection modify "Wired connection 1" 802-3-ethernet.mtu 1492
nmcli connection up "Wired connection 1"
```

Dalili: inashika na kuachia, au inakwenda kwa kusuasua

Acha `sudo dmesg -w` ikiwa wazi, kisha tikisa waya taratibu kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Yakitokea maneno `Link is Down` na `Link is Up` ukifika mahali fulani, umepata jeraha. Kama yanatokea bila kuguswa, tena taa za nyumba zikififia wakati huohuo, swichi inajizima na kuwaka kwa umeme mdogo. Iweke kwenye UPS pamoja na ruta.

Kwa kasi, andika `sudo ethtool enp3s0` utazame `Speed`. Kadi na swichi za gigabiti zinapaswa kuonyesha 1000Mb/s. Ukiona 100Mb/s, kuna uwezekano mkubwa jozi moja ya waya imekatika: gigabiti inahitaji nyaya zote nane, ilhali 100 hutosheka na nne, kwa hiyo mtandao hauzimiki, unapungua tu. Funga vichwa upya kabla ya kumpigia simu mtoa huduma.

Ukikwama, peleka hivi kwa fundi

Usipeleke sentensi moja. Kusanya kila kitu kwenye faili, uliweke kwenye flashi au ulitume kwa simu:

```
(ip -br link; ip -br addr; ip route; nmcli device; lspci -nnk | grep -iA3 ethernet; timedatectl) > ripoti.txt
```

Chini yake andika mambo manne: aina ya Linux na toleo lake, taa za tundu zinawaka au hapana, waya mwingine ulioujaribu ulileta nini, na kama simu iliyo kwenye ruta hiyohiyo inapata intaneti. Fundi aliye Chake Chake ataweza kukujibu wewe uliyeko Makunduchi bila kuiona kompyuta yako.